Klachi Tatu na Mlima wa Amani

"Shikamoo shangazi. Gari inalia lakini haiendi."

Simu hiyo ilinikuta dukani Ngamiani nikipima iliki, mwezi wa nne, masika imekolea. Mtoto wa kaka yangu, ambaye mimi namwita Baba kwa kuwa amerithi jina la baba yetu, alikuwa kwenye kona za juu ya Zigi, njia ya kupandia Amani, na mifuko 20 ya saruji nyuma. Akikanyaga mafuta, injini inapaza sauti, mshale wa mizunguko unakimbilia 3,000, lakini gari lenyewe linatambaa mwendo wa mtu anayetembea kwa miguu. Nikamuuliza kama kuna harufu. Akasema, "Ipo, shangazi. Kama nywele zilizobabuka."

Nikamwambia azime, aweke mawe nyuma ya magurudumu, asubiri. Hapo ndipo yalipoanza masomo yangu ya klachi, kile kiungo kinachounganisha na kuachanisha injini na giaboksi. Nayaandika kwa sababu nimeyalipia, na kwa sababu naona vijana wengi hapa Tanga wanafunga tabo, ile feni ya kuisukumia injini hewa zaidi, kwenye magari yao na hakuna anayewauliza, "Na klachi je?"

Niseme kwanza gari ni gani. Ni Land Cruiser pikapu, ile tunayoiita mkonga kwa ajili ya bomba la hewa lililosimama ubavuni mwa kioo kama mkonga wa tembo. Injini yake ni 1HZ: dizeli, silinda sita, cc 4,164, haikutoka na tabo kiwandani. Ni injini mvumilivu sana. Nguvu zake ni farasi kama 130, na toki, yaani ile nguvu ya kusokota inayovuta mzigo, ni nyutoni mita 285 injini inapozunguka mara 2,200 kwa dakika. Kwa lami ya kutoka Tanga hadi Muheza inatosha na kubaki. Mlima wa Amani ni habari nyingine. Ukishalipita lile jengo la Wajerumani pale Zigi, alipokuwa akikaa stesheni masta wa reli yao ya zamani, barabara inaanza kujikunja yenyewe kwa yenyewe msituni, udongo mwekundu, kona za kurudi nyuma ulikotoka, na ukiwa na mzigo unakwenda gia namba moja na mbili hadi juu.

Kazi yangu ni viungo. Nanunua iliki, karafuu, pilipili manga na mdalasini kwa wakulima wa Amani, Kwamkoro na Bulwa, naleta mjini. Lakini kupandisha gari tupu ni hasara, kwa hiyo tukienda tunabeba saruji, mabati na bidhaa za maduka ya huko juu. Mzigo mzito unapanda, mwepesi unashuka. Wafanyabiashara wengi wa milimani mambo yao huwa kinyume chake, wanapanda watupu na kushuka wamejaa, na ndiyo maana klachi zao hudumu na yangu haikudumu.

La tabo sitalirefusha. Mwaka mmoja kabla ya simu ile nilifungisha tabo ndogo, msukumo wa hewa tukauacha chini, nusu ya baa (ndicho kipimo cha msukumo huo), kwa sababu 1HZ ina vichumba vidogo vya kuwashia mafuta kwenye kichwa cha silinda na haipendi joto. Tukaongeza mafuta kidogo kwenye pampu, tukaweka mita ya joto la moshi. Gari likabadilika. Kona zilizokuwa zinadai namba moja zikapandwa kwa namba mbili. Fundi aliyefunga alikadiria toki imefika karibu nyutoni mita 400. Hatukuipima kwa mashine, lakini kadirio lake naliamini, maana hesabu za baadaye zilikuja kukubaliana nalo.

Klachi ikabaki ile ile ya kiwandani. Ikafanya kazi mwaka mzima. Hilo ndilo lililonidanganya: nilidhani kitu kikishika leo na kesho basi kimekubali.

Gari lilishushwa kwa kuvutwa na lori la majani ya chai, likaletwa gereji. Fundi wetu ni mzee wa siku nyingi, sote tunamwita Babu. Alipoteremsha giaboksi aliniita nije nione kwa macho yangu, na hilo nalishukuru hadi leo, maana fundi mwingine angenipa bei ya klachi mpya na kunirudisha dukani kwangu. Pleti, ile sahani ya klachi inayoshika na kuachia, ilikuwa imeliwa hadi vichwa vya ribiti, ile misumari inayoushikilia uso wake. Uso wake uling'aa kama sufuria, na ukiupitisha kidole unateleza. Flaiwili, gurudumu zito la chuma nyuma ya injini ambalo pleti hubanwa juu yake, ilikuwa na madoa ya rangi ya samawati na vijistari vyembamba vya ufa kama vya udongo uliokaukiwa na jua. Babu akayagusa yale madoa. "Hapa chuma kimepikwa, mama. Kimekuwa kigumu kuliko pembeni yake. Ukifunga pleti mpya juu ya hiki, umeila pesa yako." Kisha akachukua kitambaa kibichi akafuta vumbi ndani ya kengele ya giaboksi. Kijana wake alitaka kulipuliza kwa hewa ya kompresa, akamkemea: pleti za zamani zilitengenezwa kwa asbesto, na kwa macho huwezi kujua vumbi lipi linayo, kwa hiyo yeye hapulizi la pleti yoyote.

Sasa nije kwenye kosa langu kubwa.

Nilikuwa na hasira na ile klachi. Nikaenda kwenye duka la spea nikasema nataka kali kuliko zote, ambayo sitaifikiria tena. Muuzaji akanitolea. Pleti yake haikuwa ya duara kamili kama nilivyozoea. Ilikuwa na mikono sita, na kila mkono una kipande kilichotengenezwa kwa unga wa metali na kauri uliobanwa na kuokwa pamoja. Katikati haikuwa na springi, ni chuma kitupu. Presha pleti yake, kifuniko chenye springi kinachoibana pleti kwenye flaiwili, ilikuwa nzito hata kuibeba. Niliambiwa inafungwa kwenye magari ya mashindano, haitelezi kamwe. Babu alipoiona alikaa kimya kidogo, akaniuliza, "Mama, umeshauriana na dereva?" Sikumwelewa. Nikamwambia afunge.

Kweli haikuteleza. Nataka niitendee haki: tangu siku ile hadi tulipoitoa, haikuteleza hata mara moja, kwenye tope, kwenye saruji, popote.

Lakini klachi ya vipande vya kauri haijui nusu. Ya kawaida, unapoachia pedali, kuna mahali inaanza kushika kidogo kidogo, unahisi gari linavyoupokea mzigo. Hii ilikuwa ama imeachia ama imeng'ata. Kutoka tu kwenye uchochoro wa nyumbani, gari linatetemeka kama lina homa, halafu linaruka. Kurudi nyuma kwenye ua wangu, ambao ni mwembamba na una mwembe katikati, ukawa mtihani. Magunia yaliyopangwa vizuri yalikuwa yanahama nyuma kila tunapoondoka. Safari moja gunia la karafuu lilipasuka kwa kusuguana na pembe ya bodi, tukaokota karafuu kwa mikono njiani.

Pedali nayo. Baba ni kijana wa miaka 26, mpira anacheza, ana nguvu. Baada ya mwezi akaanza kuchechemea akishuka garini. Aliniambia goti la kushoto linauma, na alivyoniambia niliona haya kwamba nilikuwa sijamuuliza. Siku moja nikaendesha mwenyewe kutoka Muheza. Kufika Pongwe, kwenye malori ya kiwanda cha saruji, simama-ondoka, simama-ondoka, mguu wangu ulikuwa unatetemeka na sikuweza tena kuikanyaga pedali hadi chini. Kisha masta silinda ya klachi, pampu ndogo ya mafuta iliyo kwenye pedali, ikaanza kuvuja, tukabadilisha. Sleva, pampu mwenzake ya upande wa giaboksi, ikafuata. Uzito wote ule lazima upite mahali: unapita kwenye mafuta, kwenye uma, kwenye beringi ya rilizi inayoisukuma presha pleti iachie, na unaisukuma krenki, shafti kuu ya injini, mbele kwenye beringi zake za pembeni. Tulikuwa tukiwasha gari huku tumekanyaga klachi, mazoea tu, na Babu akatukataza akisema asubuhi zile beringi hazina mafuta bado na sisi tunazikandamiza kwa presha ile yote. Tangu hapo tunaweka gia huru, breki ya mkono juu, tunawasha bila kugusa klachi.

Mwisho wake ulikuwa kilima cha Kwamkoro, mvua imenyesha usiku. Gurudumu la nyuma lilikuwa limesimama kwenye shimo. Baba akaachia klachi, ikang'ata, tairi likapata jiwe kavu kwa ghafla, ukasikika mlio kama bunduki. Krosi, kiungo cha nyuma cha propela, ile shafti ndefu inayopeleka nguvu magurudumuni, ilikatika na propela ikaangukia barabarani. Hakuna aliyeumia, namshukuru Mungu. Walilala huko kwa watu wema, nami sikulala kabisa. Usiku ule niliwaza: ile klachi ya kwanza ilipoteleza, ilituharibia klachi. Hii iliyokataa kuteleza imekwenda kuvunja kitu kingine. Nguvu iliyozidi haikupotea, ilihama. Na ningekuwa na bahati mbaya zaidi ingekuwa meno ya giaboksi.

Nina mteja wa pilipili manga anayefundisha ufundi wa magari. Siku aliyokuja dukani nikamsimulia yote. Akaniomba kalamu, akachana kipande cha karatasi ya mfuko wa saruji, akaanza kuandika. Ile karatasi ninayo hadi sasa.

Alinifundisha hivi. Uwezo wa klachi kubeba toki unatokana na vitu vinne ukivizidisha: nguvu ya presha pleti inayobana, ukali wa uso wa pleti katika kushika, umbali wa wastani kutoka katikati hadi pale uso unapogusa, na idadi ya nyuso. Pleti moja ina nyuso mbili, mbele na nyuma. Basi. Farasi hawamo kabisa kwenye hesabu hiyo. "Wewe ukienda dukani unataja farasi," akaniambia, "lakini klachi haiwajui farasi, inajua toki tu. Injini yako ikipata farasi kwa kuzunguka haraka zaidi, klachi haioni tofauti kubwa. Ikipata kwa kusokota kwa nguvu zaidi chini kule kwenye mizunguko 1,800 au 2,000, kama inavyofanya dizeli yenye tabo, klachi inaona kila kitu."

Pleti ya gari langu ina upana wa milimita 275. Uso wake unaanzia karibu na milimita 180 kwa ndani, kwa hiyo umbali wa wastani kutoka katikati ni kama milimita 114. Tukachukua kwa mfano presha pleti inayobana kwa kilo 700, ambazo ni kama nyutoni 6,870. Ukali wa uso wa kawaida, ule wa nyuzi na gundi, tukaweka 0.3. Ukizidisha na nyuso mbili unapata nyutoni mita 470. Injini ya kawaida ya 285 inabebwa na nafasi kubwa inabaki. Hata 400 ya tabo inabebwa. Nikamwambia, basi mbona iliteleza?

Akatabasamu, akaandika tena mstari ule ule, ila pale kwenye 0.3 akaweka 0.2. "Hii ni klachi ile ile ikiwa imepata moto."

Ikatoka 313.

Niliitazama namba ile muda mrefu. Yote yalikuwa pale. Chini kwenye lami, klachi ikiwa baridi, 470 dhidi ya 400, hakuna tatizo, na ndiyo maana mwaka mzima nilidhani mambo ni shwari. Juu ya Zigi, baada ya kona tano za kuondoka na mzigo, uso umepata moto, uwezo umeshuka hadi 313, na injini inatoa 400. Inaanza kuteleza. Ikiteleza inazidi kupata moto. Ikipata moto inazidi kuteleza. Kutoka hapo hadi kwenye harufu ya nywele ni dakika chache tu.

Kwa hiyo swali nililopaswa kuuliza dukani lilikuwa: ikiwa ya moto, mlimani, na mzigo, itashika? Akaandika mstari wa tatu, presha pleti ya kilo 1,000, uso ule ule wa kawaida. Baridi, 670. Ya moto, kwenye 0.2, karibu 447. Imeipita 400. Imeipita kwa kiasi, na kiasi ndicho nilichokuwa nakitafuta bila kujua: ishike mlima wote, lakini siku gurudumu likinasa kwenye jiwe, klachi iteleze kidogo kabla propela haijakatika.

Pedali ingekuwa nzito zaidi ya ya kiwandani kwa karibu nusu, kama hakuna kingine kilichobadilishwa. Baba akasema hiyo ataiweza. Safari hii nilimuuliza kwanza.

Nilizitafakari na njia nyingine. Kuna pleti za nyuzi za Kevlar, zinashika kwa ulaini na zinaishi sana, lakini zinataka kuzoeshwa taratibu kwa muda mrefu na zikishaungua vibaya mara moja hazirudi vizuri, na mimi barabara yangu ni ya kuunguza. Kuna klachi za pleti mbili, nyuso nne, ambazo kwa presha ile ile zinabeba toki mara mbili na mguu hauteseki. Ni kitu kizuri, na mwenye injini ya nyutoni mita 600 au 700 ningemwambia aende huko moja kwa moja. Kwa 400 ni kununua jahazi la kuvukia mto. Na kuna zile za kauri zenye springi bapa chini ya vipande ili ziume taratibu. Babu alizifunga kwenye gari la mtu wa Korogwe na mwenyewe ameridhika nazo. Ningekuwa na toki ya 500 ningeziwaza.

Tukachagua: pleti ya duara kamili, uso wa kawaida wa daraja la kazi nzito, springi za katikati ziwepo, presha pleti nzito kiasi. Springi zile watu huzidharau. Dizeli haizunguki laini, kila silinda inapiga nyundo yake, na springi zile ndizo zinazopokea nyundo kabla hazijafika kwenye meno ya gia. Kwenye ile klachi yangu ya pili gari likiwa limesimama gia huru lilikuwa linakokoroa kama kopo la mawe. Ya tatu ilipofungwa, nilisikia tena sauti ya injini peke yake.

Kufunga nako kuna mambo. Flaiwili ilipelekwa kwa fundi wa kukereza, akatoa yale madoa yote ya samawati hadi chuma safi, akahakikisha uso umenyooka. Akasema ikifika safari nyingine hakuna nyama ya kutosha, itabidi tununue mpya. Tulibadilisha sili ya mafuta ya nyuma ya krenki ingawa haikuwa inavuja, kwa sababu tone moja la oili kwenye pleti linaangusha ukali wake na kazi yote inakuwa bure, na kuifikia tena ni kuteremsha giaboksi upya. Beringi ya pailoti mpya, beringi ya rilizi mpya. Boliti za flaiwili Babu alizifunga kwa spana ya kupimia, mmoja mmoja kwa kupishana. Pleti aliiweka katikati kwa kutumia shafti kuukuu ya giaboksi aliyoihifadhi miaka mingi kwa kazi hiyo tu. Alipomaliza akapima mchezo wa pedali kwa rula, maana pedali isiyo na nafasi ya kupumua juu inaiacha klachi imekanyagwa nusu siku nzima bila mtu kujua.

Halafu akanipa sharti lililoniuma: kilomita 1,000 bila kupanda Amani. Pleti na flaiwili zizoeane kwanza kwa kazi nyepesi, kushika na kuachia mara nyingi bila kupata moto mkali. Kwa mfanyabiashara hizo ni wiki za hasara. Tulibeba machungwa ya Muheza kuyaleta mjini, nusu mzigo, tukaenda Pangani mara mbili tatu, na wakulima wangu wa juu walinipigia simu kuniuliza kama nimewaacha. Nilitamani sana kuvunja lile sharti. Baba ndiye aliyenizuia. "Shangazi, tumeshalipa klachi mbili."

Siku ya kwanza kurudi mlimani nilikwenda naye. Na hapo nikajifunza kitu ambacho kama ningekijua mapema, pengine klachi ya kwanza ingeishi hadi leo.

Kabla ya Zigi Baba alisimamisha gari, akaingiza gia ndogo, L4, kama ilivyoandikwa kwenye kichwa cha mkono wake. Habu za mbele akaziacha wazi. Nikamuuliza kulikoni, si matope. Akanieleza kwamba Babu ndiye aliyemfundisha: habu zikiwa wazi magurudumu ya mbele hayavutwi, kwa hiyo hata kwenye barabara kavu propela hazikazani, lakini magurudumu ya nyuma yanapata gia nzito zaidi ya maradufu. Gari likiondoka kwenye kona kwa L4, klachi inaachiwa yote mara moja bila kuteleza, kwa sababu injini haina kazi kubwa ya kulisogeza. Kuondoka kwa gia ya kawaida na tani nzima nyuma kulikuwa kunailazimisha klachi ikae nusu kwa sekunde nne au tano, kila kona. Hapo ndipo moto ulipokuwa unatoka. Onyo ni moja: toki yote inakwenda ekseli ya nyuma peke yake, kwa hiyo mguu wa mafuta uwe mpole. Tope likija, habu zinafungwa.

Na lingine, ambalo nililiona kwa macho yangu kwa sababu nilikaa naye kitini. Tulikutana na lori linashuka, tukasubiri kwenye mwinuko. Zamani Baba alikuwa analishikilia gari kwa klachi na mafuta, linacheza mbele na nyuma kama dau bandarini. Madereva wengi hulionea fahari jambo hilo. Siku ile alivuta breki ya mkono, akatoa mguu kabisa. Kwa dakika mbili tulizosubiri, klachi haikufanya kazi yoyote.

Tairi pia nimekataa kubadilisha. Rafiki zake Baba wanamshawishi aweke kubwa zaidi, gari lipendeze. Tairi kubwa ni sawa na kukaza gia zote kwa pamoja, na anayelipa kila unapoondoka ni klachi. Tumebaki na 7.50R16 zilizotoka na gari.

Kila baada ya miezi mitatu tunaipima kwa njia rahisi. Kwenye lami tambarare baada ya Muheza, mahali ambapo hapana watu, gia namba nne, mwendo wa kilomita 40 au 50 kwa saa, anakanyaga mafuta hadi chini. Mshale wa mizunguko na mshale wa mwendo vinapaswa kupanda pamoja kama ng'ombe wawili kwenye nira moja. Mizunguko ikikimbia mbele na kuuacha mwendo, klachi imeanza kuachia, hata kama pua haijasikia kitu. Tunafanya mara moja tu, haturudii, kwa kuwa kipimo chenyewe kinaunguza.

Mwezi uliopita giaboksi iliteremshwa tena, safari hii kwa ajili ya beringi yake mwenyewe iliyokuwa inalia. Klachi ya tatu ilikuwa na kilomita 61,000. Babu aliniita kama alivyoniita mara ya kwanza. Flaiwili ilikuwa ya kijivu, bila doa. Kikomo cha Toyota ni kwamba kutoka uso wa pleti hadi kichwa cha ribiti pasipungue milimita 0.3. Babu akaingiza kipimo chake kwenye matundu ya ribiti, moja baada ya jingine, akizunguka pleti nzima, kisha akamgeuzia Baba asome mwenyewe.

"Sifuri nukta tisa, shangazi. Pande zote."

Babu akaifuta kwa kitambaa kikavu, akaichukua ile shafti yake kuukuu ukutani, akairudisha pleti pale pale ilipokuwa.